Mkono wa Ndiyo

Mume wangu alikuwa mbishi. Ukimwambia nje jua linawaka, anatoka kwanza akahakikishe. Kwa hiyo nilipaswa kushtuka mapema, maana tangu alazwe hospitali kule mlimani hakuwahi kunikatalia jambo hata moja. Nilimuuliza tuuze shamba la ndizi la Kyimo, akasema ndiyo. Nilimuuliza kama mwanetu Gwakisa aende shule ya bweni, akasema ndiyo, yeye aliyekuwa akisema bweni ni la watoto waliochokwa na wazazi wao. Nikawaambia wenzangu sokoni, jamani, maradhi yamemlainisha Anyosisye wangu. Tukacheka sana siku ile.

Alikuwa anasema kwa mikono. Wa kulia ndiyo, wa kushoto hapana. Usidhani aliinyanyua, hakuna aliyewahi kuiona ikitikisika. Alikuwa analazwa ndani ya pete ya sumaku, mikono imenyooshwa, na sisi tunakaa nyuma ya kioo na kipaza sauti. Mashine inatazama damu ndani ya misuli. Mtu akijaribu kukunja ngumi, hata kama ngumi haikunjiki, misuli inaita damu. Mkono ulioita damu kuliko mwenzake, taa yake inawaka mezani kwa fundi. Kijani upande wa kulia, nyekundu upande wa kushoto. Kwa wanaume kama yeye, waliotolewa kwenye visima vya mvuke wa kuzalisha umeme wakiwa wamekosa hewa, hiyo ndiyo sauti iliyobaki. Na Sheria ya Mwitikio ilisema anayeitika ni mtu kamili mwenye haki zake zote: kitanda, mashine ya kupumulia, na mke.

Siku ninayoisimulia ilikuwa siku ya kumwongezea mwaka. Kila mwaka lazima aitike mbele ya daktari, ndipo anaongezewa mwingine. Mimi na mama mkwe wangu tulifika asubuhi, ukungu bado umelala juu ya mashamba ya chai, na yeye kama kawaida akanyoosha moja kwa moja chumba cha maandalizi na kikapu chake. Mimi nikaitwa pembeni na Fundi Ndalu.

Ndalu ni Mgogo, mtu mzima, anaongea polepole mpaka unatamani kumsaidia maneno. Ndiye aliyekuwa anaiendesha ile sumaku tangu siku tuliyofika.

"Mama Gwakisa," akaniambia, "naomba tuongee kidogo. Wewe peke yako."

"Kama ni habari mbaya niambie nikiwa nimesimama. Nikikaa nitashindwa kuinuka."

Hakucheka. Akafunga mlango.

"Mama yake huwa anamfanya nini kabla hatujamwingiza kule ndani?"

"Anamkanda. Si unamwona na chupa yake ya maji ya moto? Kila siku anakuja anamkanda, na siku za kuuliza anamkanda zaidi ili mtoto asione baridi ya kile chumba chenu."

"Nilijua anamwosha."

"Ni kumkanda. Kitambaa, maji ya moto, anakandamiza mpaka nyama inalainika. Kwani kwenu hamkandi wagonjwa?"

"Tunakanda," akasema. "Anamkanda mikono yote miwili?"

"Wa kushoto una mrija. Manesi walimkataza kuugusa tangu mwanzo, kwa hiyo ni wa kulia tu. Vipi, kuna ubaya?"

Fundi Ndalu akavua miwani akaanza kuifuta na pindo la koti. Aliifuta muda mrefu mno. Nikamwambia aiweke hiyo miwani chini aseme.

Akanigeuzia kioo cha mashine mpya, ile tuliyoahidiwa siku nyingi. Jana yake, kwa kuijaribu tu, walikuwa wamempitisha Anyosisye mara baada ya mama kutoka kumkanda. Nikaona picha mbili za mkono wa kulia, kama mkate uliokatwa vipande, zenye rangi.

"Ile ya zamani inatazama damu inayoingia kwenye misuli. Basi. Inalinganisha mkono na mkono, wenye damu nyingi ndio umesema. Hii mpya inatazama na damu inayotoka. Misuli ikifanya kazi inakula oksijeni, mama. Damu inaingia nayo, inatoka imeiacha humo. Na damu iliyoacha oksijeni haikai sawa mbele ya sumaku na ile iliyobeba. Kwa hiyo tunaweza kujua misuli imekula kiasi gani." Akagusa picha ya kwanza. "Hii ni inayoingia. Ni nyingi sana, ni damu ya mtu anayepasua kuni." Akagusa ya pili. "Hii ni inayotoka. Imetoka na oksijeni yake karibu yote. Haikuguswa."

Nilielewa. Ningependa kusema sikuelewa, lakini nilielewa palepale. Ni kama umepeleka chakula chumbani kwa mgonjwa, umerudi umekuta sahani imejaa vilevile, na wewe siku zote ulikuwa unahesabu sahani zinazoingia.

"Kwa hiyo nani alikuwa ananijibu?"

"Mama Gwakisa..."

"Nani alikuwa ananijibu, Fundi?"

"Joto," akasema. "Maji ya moto yanafungua mishipa. Damu inajaa. Mkono wa kushoto umelala baridi, wa kulia umejaa damu, mashine inasema kulia. Ungemuuliza chochote ingesema kulia."

Nilimtukana. Sitarudia nilichosema, ila nesi aliyekuwa anapita alisimama mlangoni. Kisha nikakumbuka swali moja. Mwaka wa kwanza, siku ya kwanza kabisa waliponiachia kile kipaza sauti, nilimuuliza kama bado ananipenda. Niliuliza mbele ya watu, sikuona aibu. Taa ya kijani ilipowaka nililia kwa furaha, nikaenda dukani nikawanunulia soda wodi nzima. Nilikuwa nimewanunulia watu soda kwa ajili ya maji ya moto. Nilitamani ardhi inimeze.

"Sasa nisikilize vizuri," Ndalu akasema. "Mashine mpya sheria itaitambua mwezi ujao. Leo kipimo kinachotambulika ni cha zamani. Mama yake akimkanda kama siku zote, taa itawaka, daktari ataona, na mumeo amepata mwaka. Hakuna atakayeuliza."

"Na nikikataa?"

"Ukitaka apimwe kwa mpya, unayo haki hiyo. Ikionyesha ilichoonyesha jana, neno linabaki kwako. Sheria inamsikiliza mke. Ukisema aachwe, anaachwa. Ukisema asubiri, atasubiri, lakini si hapa."

Si hapa maana yake ni nyumbani, na nyumbani hakuna umeme wa kumpumulia usiokatika. Hilo hakulisema, na sikumwomba aliseme.

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi si mke wake."

"Jibu la kipuuzi kabisa hilo, Fundi," nikamwambia, nikatoka.

*

Chumba cha maandalizi kilikuwa na harufu ya mvuke na mafuta ya nazi. Bibi Subilaga, mama mkwe wangu, alikuwa ameshakunja mikono ya sweta. Ameinamia kitanda, kitambaa mkononi kinatoa mvuke, anakandamiza kuanzia kiwikoni kushuka kwenye kiganja, anaachia, anarudia. Ile mikono naijua. Nilipomzaa Gwakisa ilinikanda mimi mpaka nikapiga kelele, na nilipopiga kelele aliniambia nyamaza, uchungu umeisha, huu ni utamu. Kwetu mtu hapendwi kwa maneno matupu, anakandwa.

"Umechelewa," akaniambia bila kugeuka. "Nimeshamweleza kuwa Gwakisa ameng'oka jino. Nadhani amefurahi. Gusa hapa uone alivyopata joto."

Nikagusa. Mkono ulikuwa wa moto, laini, una rangi. Ungeuona ungesema mwenyewe kalala tu, muda si mrefu atauliza chai iko wapi.

Nisikufiche, nilitaka kunyamaza. Ilikuwa rahisi kuliko kitu chochote. Ningemwacha amalizie, tungeingia, taa ingewaka, yeye angepiga vigelegele kama kila mwaka, na tungerudi nyumbani tukiwa na Anyosisye. Mama huyu alizaa watoto, wakafa, akabakiwa na mmoja. Mimi nani nimnyang'anye? Lakini niliutazama uso wa mume wangu, mdomo umeachwa wazi na bomba, na nikawaza: kama humo ndani hakuna mtu, tunamfanyia nani haya? Na kama mtu yumo, kwa nini tumemjibia maisha yake yote kwa maji ya moto?

"Mama, acha kidogo."

"Nimalizie vidole."

"Mama. Usimkande."

Akageuka. Nikamweleza yote, vibaya, kwa haraka, kama nilivyoeleza hapa ila bila mpangilio. Damu inayoingia, damu inayotoka. Kitambaa kikawa kinamdondokea maji miguuni, hata hakuona. Nilipomaliza akakikamua, akakikunja, akakiweka kwenye ukingo wa beseni.

"Tupokigwe," akasema. Jina langu analitumia akikasirika tu, siku nyingine mimi ni mama Gwakisa. "Niambie kweli mbele ya Mungu. Umepata mwanaume?"

"Mwanaume wa wapi, Mama? Kutwa nzima nimesimama nauza vitenge, nikirudi naanguka kama gunia. Huyo mwanaume nampata saa ngapi?"

"Basi mwanangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Nataka kujua kama yupo."

"Yupo! Mimi namshika kila siku, wewe unakuja mara moja kwa mwezi na pochi yako! Yupo! Mkono huu unaniitikia!"

"Unaitikia maji, Mama."

Alininyanyulia mkono. Nilifikiri atanipiga, na kusema kweli nilitaka anipige, ningepata pa kulilia. Akaushusha. Akatazama viganja vyake vyote viwili, vyekundu kwa moto, kana kwamba amevikuta mezani kwa mtu mwingine.

"Wewe na huyo Mgogo wako mnasema mikono yangu ndiyo mwongo," akasema. "Haya. Nesi!"

Nesi akaja mbio.

"Mhamishie mrija mwanangu. Nautaka mkono wa kushoto."

*

Kabla hujaingia kwenye sumaku unaacha kila chenye chuma. Mimi naacha bangili, yeye kila siku anabishana kwa ajili ya pini ya kitenge. Siku ile aliitoa mwenyewe, akaiweka mkononi mwa Ndalu bila neno.

Alikuwa amemkanda mkono wa kushoto kwa nguvu kuliko nilivyowahi kumwona akikanda mtu. Wa kulia aliuachia upoe, akaufunika hata kwa kitambaa cha maji baridi ya bomba. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Daktari wa zamu, binti mdogo anayeitwa Dokta Anitha, alisimama nyuma yetu mikono kifuani, na Ndalu alikuwa ameshamnong'oneza. Akasema tu, "Mwache bibi aulize."

Mashine ikaanza kugonga ndani ya pete, gongo, gongo, ule mlio wake unaotikisa meno. Bibi Subilaga akakaa kwenye kiti changu. Akavuta kipaza sauti mpaka kikagusa midomo.

"Ugonile, mwanangu," akamsalimia kwa Kinyakyusa, kama anavyomsalimia kila asubuhi. Halafu akatafuta swali. Sisi wote tulikuwa tunatazama taa.

"Anyosisye. Mimi ni mama yako?"

Nyekundu.

Mimi nilijua itawaka, nilikuwa nimeambiwa, na bado nilihisi kama nimepigwa na kitu kizito mgongoni. Yeye aliitazama ile taa mpaka ikazima.

"Hajasikia," akasema. "Anyosisye, baba. Ni mimi. Mimi Subilaga. Ni mimi niliyekuzaa?"

Nyekundu.

"Bibi," Ndalu akaanza.

"Nyamaza wewe." Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Mwanangu, unanijua?"

Nyekundu tena.

Akaweka kipaza sauti mezani taratibu, kama mtu anayeweka yai. Nilidhani ataanguka, nikamshika mabega. Hakuanguka. Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti, mengi, sijawahi kumwona akilia hivyo hata tulipomzika baba mkwe.

"Kumbe nilikuwa naongea na mikono yangu," akasema. "Miaka yote hii. Namweleza habari za nyumbani, ananijibu, nafurahi, kumbe ni mikono yangu mwenyewe. Mama Gwakisa, mimi ni mjinga kiasi gani?"

"Si mjinga, Mama. Hata mimi niliamini. Wote tuliamini."

"Wewe hukumkanda."

Nilimkumbatia tu, na mimi nikalia, na binti yule daktari akageukia ukutani.

Walimpitisha kwenye mashine mpya baadaye, mikono yote miwili, tukiwa tumeshika viti. Bibi alitaka kuona kwa macho yake. Ndalu akamwonyesha polepole kama alivyonionyesha mimi, hii inayoingia, hii inayotoka. Tuliuliza maswali. Tulimwita majina yote, la ubatizo, la utani, hata lile la utotoni ambalo nilikuwa silijui. Damu iliingia, ikatoka. Hakuna kilichopungua.

*

Sheria inataka mke aseme kwa mdomo wake, mbele ya daktari, mume akiwepo. Maneno yenyewe ni machache. Dokta Anitha akasema hakuna haraka, tunaweza kukaa mpaka mchana, mpaka jioni tukitaka.

Bibi Subilaga alikuwa amejifuta uso. Alikuwa amezeeka tangu asubuhi, lakini amenyooka.

"Sema, mama Gwakisa," akaniambia. "Mimi sitakulaumu. Na wa ukoo wakija na midomo yao, waje kwangu kwanza."

Nikafungua mdomo. Ulimi wangu unajulikana soko zima la Tukuyu. Nimewahi kumnyamazisha ofisa wa kodi mbele ya watu. Neno halikutoka. Mimi ndiye niliyetaka ukweli, mimi ndiye niliyesema usimkande, na sasa ukweli uko mezani umefunuliwa, nimesimama pale kama bubu. Nilikuwa nawaza upuuzi. Nilikuwa nawaza kwamba hakuna mtu aliyeniruhusu. Miaka yote hii kila kitu nilimuuliza yeye kwanza, shamba, shule, rangi ya mlango, na kubwa kuliko yote nilifanye bila kumuuliza?

"Siwezi," nikasema. "Mama, siwezi. Hajaniambia."

Bibi akainuka akatoka. Nilifikiri amekwenda kulia peke yake. Akarudi na beseni la plastiki, kitambaa begani, na maji yaliyobaki kwenye chupa ameshayamimina humo. Akapita mbele ya daktari, akaingia hadi kwenye kitanda cha pete, walikokuwa wamemrudisha Anyosisye, akaushika mkono wa kulia, hakuujali tena mrija.

"Bibi, tumeshamaliza vipimo," Ndalu akasema.

"Washa ile ya zamani."

"Bibi..."

"Nimekwambia washa."

Ndalu akamtazama daktari. Daktari akatikisa kichwa kukubali.

Alimkanda kuanzia kiwikoni kushuka, bila haraka, akikandamiza na kuachia. Nilisimama karibu naye.

"Mama," nikamwambia kwa sauti ya chini, "tunajua si yeye."

"Najua si yeye. Ni mimi." Hakuinua macho. "Mimi ndiye niliyemzaa. Kama hawezi kukujibu, nani mwingine amjibie? Nenda kaulize lako. Upesi, mwanangu, maji yanapoa."

Alikuwa hajawahi kuniita mwanangu.

Nikaenda nyuma ya kioo. Mashine ikaanza kugonga. Alikuja akasimama nyuma yangu, mikono yake imelowa, akaniwekea begani, na joto lake likapenya blauzi.

"Anyosisye," nikasema. "Nikuache uende?"

Taa ya kijani ikawaka.

Nikamgeukia daktari, nikasema neno langu.